Nyota za mbali na miaka 6,000: tunaoamini siku sita tuache kurusha hoja mbovu za anga

Mpimanyota (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna ujumbe haufi. Kila baada ya muda unaibuka kwenye makundi ya sala: eti kompyuta za NASA, shirika la anga la Marekani, zilikuwa zinakokotoa njia za sayari zikagoma, wataalamu wakatafuta wee, kumbe kuna siku nzima imepotea kwenye historia. Saa 23 na dakika 20 ni za Yoshua, jua liliposimama juu ya Gibeoni. Dakika 40 zilizobaki ni za kile kivuli kilichorudi nyuma madaraja kumi enzi za mfalme Hezekia. Hesabu inafunga, watu wanaandika "Amina", ujumbe unasonga.

Ni uzushi. Ulisambaa Marekani karibu na mwaka 1970, na mbegu yake ni kongwe zaidi, maana Charles Totten alishaandika hesabu ya namna hiyo mwaka 1890, kabla NASA haijazaliwa. NASA wenyewe walishaukana. Na ukitulia unaona kabisa kwamba haiwezekani: kompyuta inaweza kukokotoa jua na mwezi vilikuwa wapi miaka elfu tatu iliyopita, ila haiwezi kujua kwamba siku imepungua mpaka uipe kumbukumbu ya watu waliohesabu siku moja moja tangu kabla ya Yoshua hadi leo bila kukatiza. Kumbukumbu hiyo hakuna mwenye nayo. Hata mashirika makubwa ya wanauumbaji, yale yanayotetea dunia changa waziwazi, yameiweka habari hii kwenye orodha ya hoja zisizofaa kutumiwa. Sisi huku bado tunaisambaza.

Nasema haya nikiwa upande huo huo. Naamini Mwanzo sura ya kwanza kwa siku za jioni na asubuhi. Na kwa sababu hiyo hiyo naona aibu tunapotetea jambo kubwa namna hii kwa vitu ambavyo kijana wa kidato cha pili anavibomoa kwa dakika mbili.

Kwanza msimamo wenyewe, kwa wasioujua. Nuru iliumbwa siku ya kwanza, dunia ikiwepo tayari. Mimea siku ya tatu. Jua, mwezi na nyota siku ya nne, na kazi yake imetajwa: kutenga mchana na usiku, kuwa dalili, majira, siku na miaka. Huo ni mpangilio uliopinduka kabisa ukiuweka karibu na wa wanaastronomia, ambao kwao nyota za kwanza zilitangulia dunia kwa mabilioni ya miaka, na jua lina umri wa miaka bilioni 4.6 hivi, likiitangulia dunia kidogo. Kwa hiyo wale wanaosema "siku ni vipindi virefu, basi Biblia na sayansi zimepatana" wana kazi bado: hata ukizivuta siku ziwe ndefu kama mpira, utaratibu wa matukio haubadiliki.

Jua na mwezi hata majina havikupewa pale. Vinaitwa mwanga mkubwa na mwanga mdogo. Mataifa yaliyowazunguka Waisraeli yalikuwa yanavisujudia, na Kumbukumbu la Torati 4:19 inakataza hilo kwa ukali. Nyota zote za mbinguni zimepewa maneno machache mwishoni mwa mstari, kana kwamba ni nyongeza. Mimi sehemu hiyo hunifurahisha kuliko hoja zote za fizikia.

Umri wa miaka 6,000 haujaandikwa popote. Unatokana na kujumlisha umri wa mababa katika Mwanzo 5 na 11, kisha wafalme. Askofu mkuu James Ussher wa Ireland ndiye maarufu zaidi: mwaka 1650 alichapisha hesabu yake akafikia mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hakuwa mjinga wala hakuwa peke yake. Johannes Kepler, yule yule aliyegundua kwamba sayari huzunguka jua kwa njia ya duaradufu, naye alifanya hesabu yake akaangukia karibu na hapo hapo. Kalenda ya Kiyahudi huanzia 3761 K.K. Wabizanti, waliotumia tafsiri ya Kigiriki yenye umri mkubwa zaidi kwa mababa kadhaa, walianzia 5509 K.K. Tofauti ni ya miaka 1,700 na ushee, ila hakuna aliyefika hata miaka elfu kumi.

Sasa tuje kwenye mfupa wenyewe.

Mwanga unakwenda kilomita 299,792 kwa sekunde. Kwa mwaka mmoja unakata kilomita trilioni 9.46 hivi, na umbali huo ndio mwaka wa nuru. Galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo, ina upana wa takriban miaka ya nuru 100,000. Galaksi ya Andromeda, ambayo usiku wa giza zito unaiona kwa macho tu kama kiwingu, iko miaka ya nuru milioni 2.5. Kama ulimwengu una miaka 6,000, mwanga huo umefikaje machoni petu?

Hapa ndipo imani ya uumbaji mchanga inapimwa. Mengine yote ni madogo. Niseme pia kwamba wanauumbaji walio na elimu ya anga hawalikwepi swali hili. Wameleta majibu yasiyopungua matano, na wao kwa wao hawakubaliani.

La kwanza, mwanga uliumbwa ukiwa njiani. John Whitcomb na Henry Morris walilitumia katika kitabu chao cha 1961, kilichoamsha upya harakati nzima. Adamu aliumbwa mtu mzima, basi na nyota ziliumbwa na mwanga wake ukiwa umeshafika. Rahisi kueleza, na ndiyo maana mimbarini linapendwa.

La pili, mwanga zamani ulikuwa na kasi kubwa zaidi. Barry Setterfield wa Australia alilisukuma sana miaka ya 1980, akitumia vipimo vya kihistoria vya kasi ya mwanga tangu Ole Rømer, mwanaastronomia wa Denmark, mwaka 1676. Shida ni kwamba vipimo vya zamani vilikuwa na makosa makubwa. Kile cha Rømer, kwa hesabu za wakati wake, kilitoa kama kilomita 220,000 kwa sekunde, yaani pungufu ya leo! Ukikichukua kilivyo, mwanga umeongeza mwendo. Na tangu vifaa vya kisasa vije, kasi haijasogea. Wanauumbaji wengi wameliacha jibu hili.

La tatu ni la Russell Humphreys, 1994: ulimwengu una mipaka, sisi tuko karibu na kitovu, na ulipanuka kutoka kwenye shimo jeupe, kinyume cha shimo jeusi linalomeza hata mwanga. Uvutano hupunguza mwendo wa saa. Hilo ni kweli tupu, saa za satelaiti za GPS hurekebishwa kwa sababu hiyo. Basi, kwa Humphreys, duniani zilipita siku chache wakati kule mbali yakipita mabilioni ya miaka. Ni wazo zuri la kuvutia. Lakini mwaka 1998, katika jarida la wanauumbaji wenyewe, Samuel Conner na Don Page walionyesha kwamba milinganyo yake haitoi anachodai. Page ni mwanafizikia Mkristo aliyefanya kazi na Stephen Hawking, huwezi kumwita adui wa Biblia. Humphreys alikuja kurekebisha nadharia yake, na John Hartnett akaleta ya kwake mwaka 2007 kwa fizikia tofauti.

La nne, Jason Lisle, 2010. Huyu ana shahada ya uzamivu ya fizikia ya nyota kutoka Chuo Kikuu cha Colorado. Anasema hakuna aliyewahi kupima kasi ya mwanga wa kwenda tu. Tunachopima ni kwenda na kurudi. Einstein mwaka 1905 alikubali kwamba kugawa sawasawa ni makubaliano. Basi, asema Lisle, tunaweza kukubaliana vingine: mwanga unaotujia unafika papo hapo, unaoondoka kwetu unakwenda kwa nusu ya kasi, wastani unabaki ule ule. Mfano wake ni ndege inayoruka kuelekea magharibi saa kumi jioni na kutua saa kumi jioni kwa saa za huko: safari ina masaa yake, ila kwa saa za wenyeji imetua dakika ile ile iliyoruka. Nyota ziliumbwa siku ya nne, zikaonekana siku ya nne.

La tano ni la Danny Faulkner, mwanaastronomia aliyefundisha chuo kikuu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2013 alisema hivi: siku ya tatu Mungu alichipusha miti kwa kasi isiyo ya kawaida, siku ya nne aliuleta mwanga kwa kasi isiyo ya kawaida. Ni muujiza. Msiutafutie mlinganyo.

Mimi namwelewa zaidi Faulkner. Ukishaamini kwamba Mungu alisema pakawa, kujificha nyuma ya fizikia ya kukopa ni woga tu. Karibuni.

---

Mwenye Shaka

Mkuu, mimi si muumini ila nimesoma yote, heshima kwako kwa kuua ule uzushi wa NASA.

Nikuulize kuhusu jibu la kwanza. Februari 1987 nyota ililipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru kama 168,000. Watu wa kusini mwa dunia waliiona kwa macho. Masaa machache kabla ya mwanga, mitambo iliyochimbiwa chini ya ardhi Japani, Marekani na Urusi ilinasa nyutrino (chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu) ishirini na kitu kutoka kwenye mlipuko huo. Nyota yenyewe ilikuwa imeshapigwa picha na kuorodheshwa kabla haijalipuka.

Kama mwanga uliumbwa njiani miaka 6,000 iliyopita, basi ile nyota haikuwahi kuwepo. Haikulipuka. Mungu alichora filamu ya nyota, akachora mlipuko, akaweka na nyutrino za kusindikiza, vyote vitufikie 1987. Huyo ni Mungu gani?

Na umbali si wa kubahatisha. Nyota ile ilikuwa na pete ya gesi kuizunguka. Mwanga wa mlipuko ulichelewa kuifikia pete, ikawaka baadaye. Ukijua ulichelewa muda gani unajua pete ni kubwa kiasi gani, ukilinganisha na ukubwa unaoonekana kwenye darubini unapata umbali kwa jiometri ya kawaida ya shule.

---

Mpimanyota

Mwenye Shaka, hapo umegonga penyewe, na ndiyo sababu Lisle, Humphreys na Faulkner wote wamelikataa jibu la kwanza. Hoja yao ni hiyo hiyo yako ila kwa lugha ya kanisani: Mungu hasemi uongo, na mbingu "zauhubiri utukufu wa Mungu" (Zaburi 19:1). Mahubiri ya jambo ambalo halikutokea ni mahubiri gani?

Kuumba mtu mzima si sawa na kuumba kumbukumbu za utoto ambao hakuwa nao. Mwanga wa nyota umebeba habari za matukio. Kwa hiyo ndugu zangu waumini, lile la "mwanga njiani" naomba tuliweke chini. Linalobaki ni aidha muda ulipita tofauti huko na huku, au mwanga ule ule wa kweli uliletwa kwa muujiza.

Kuhusu jiometri ya pete sibishi. Umbali naukubali, wa galaksi ya jirani na wa mbali. Ukiona muumini anabisha umbali, ujue hajasoma upande wake mwenyewe.

---

Dada Salome

Mtumishi, asante kwa uzi. Mimi nafundisha watoto kanisani na swali linalonirudia ni la Mlipuko Mkuu, ile nadharia kwamba ulimwengu ulianza ukiwa mdogo na wa moto sana kisha ukapanuka. Kuna wahubiri wanasema ndio "Iwe nuru", wengine wanasema ni nadharia ya wapinga Mungu. Nishike lipi?

---

Mtulivu

Dada Salome, niongezee hapo kabla mleta mada hajajibu. Aliyeleta wazo hilo ni padre. Georges Lemaître, Mbelgiji, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka kwenye kile alichokiita atomu ya mwanzo. Jina la Mlipuko Mkuu alilitoa mpinzani wake, Fred Hoyle, kwenye redio mwaka 1949. Hoyle hakumwamini Mungu na alitaka ulimwengu usio na mwanzo. Kwa hiyo "nadharia ya wapinga Mungu" si sahihi.

Lakini na upande wa pili tusikimbilie. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alihutubia wanasayansi akaonekana kuihusisha nadharia hiyo na "Iwe nuru" ya Mwanzo. Lemaître hakufurahia. Alitaka fizikia ibaki fizikia na imani ibaki imani, maana nadharia inaweza kubadilika kesho.

Mimi binafsi sizishiki siku sita kama masaa 144, na naona nina watu wazito nyuma yangu. Augustino wa Hippo, karne ya tano, hakuzisoma kama siku za kawaida; yeye alidhani vyote viliumbwa kwa pamoja. Tena aliwaonya Wakristo wasiongee upuuzi kuhusu nyota mbele ya watu wanaozijua, wakasababisha Maandiko yadharauliwe. Na John Calvin, huyu ni wa kwenu, alipofasiri Mwanzo 1:16 alisema wanaastronomia wamethibitisha kwamba sayari ya Zohali ni kubwa kuliko mwezi, na kwamba Musa aliandika kwa namna ambayo mtu wa kawaida anaona.

---

Mpimanyota

Mtulivu, umeandika vizuri, na habari ya Calvin ni kweli kabisa. Ila usimhamishe kambi: Calvin huyo huyo aliamini ulimwengu haujafikisha miaka 6,000. Aliloliona ni kwamba Musa alitumia lugha ya macho. Hata leo mtabiri wa hali ya hewa anasema "jua litachomoza" na hakuna anayemshitaki kwa kusema jua linazunguka dunia. Yoshua naye hivyo hivyo.

Dada Salome, jibu langu: usiwafundishe watoto kwamba Mlipuko Mkuu ndiyo Mwanzo 1. Utaratibu haulingani, nimeshasema juu. Wapo wanaotaka kuulinganisha. Hugh Ross, mwanaastronomia Mkristo anayeamini ulimwengu wa mabilioni ya miaka, hupenda mistari ya Isaya na Yeremia inayosema Mungu amezitandaza mbingu, akiiona kama kupanuka kwa ulimwengu. Hata baadhi ya wanauumbaji wachanga waliidaka. Mimi siioni. Isaya 40:22 inazungumzia pazia na hema la kukaliwa, na hema likishatandazwa halizidi kutanuka huku watu wako ndani.

Wala usiwafundishe kwamba ni wazo la kipuuzi lisilo na ushahidi. Mwaka 1965 wanasayansi wawili wa Marekani, Penzias na Wilson, walitangaza kwamba wamenasa mnururisho hafifu unaotoka pande zote za anga, joto lake nyuzi 2.7 juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Nadharia ilikuwa imeshautabiri. Mtoto akija kuambiwa hilo chuo kikuu na mtu mwingine, atajiuliza umemficha na nini kingine.

Na hapo kwenye mnururisho pana jambo wanauumbaji hulishika: joto hilo linalingana pande zote kwa tofauti ya kama sehemu moja katika 100,000, wakati pande hizo ziko mbali kiasi kwamba kwa nadharia ya kawaida mwanga haukupata muda wa kutoka upande mmoja hadi wa pili ili joto lisawazike. Nao wana tatizo la mwanga na muda! Jibu lao ni mfumko wa ghafla wa ulimwengu mwanzoni kabisa, alioupendekeza Alan Guth mwaka 1981.

Hoja hiyo ni halali kuitumia, ila kwa kiasi. Inaonyesha kwamba kila kambi ina maswali. Haionyeshi kwamba maswali yana uzito mmoja.

---

Mwenye Shaka

Afadhali umemalizia hivyo, nilikuwa nimeshanyanyua jiwe.

Ila hujamgusa Lisle. Kama ni makubaliano tu ya kupanga saa, basi hayabadilishi kitu kilichotokea. Nikirudi kwenye makubaliano ya kawaida ya Einstein, maelezo yake yanageuka kuwa Andromeda iliumbwa miaka milioni 2.5 kabla ya dunia. Amebadilisha kalenda akasema amefuta deni.

Na hata mkimaliza la mwanga, kuna galaksi zimegongana huko, zina mikia ya nyota iliyochomolewa, mirefu ya kutisha. Kwa mwendo wa nyota hizo, kuchomoa mikia ile kunahitaji mamia ya mamilioni ya miaka. Huo si muda wa mwanga kusafiri, ni muda wa tukio lenyewe kutokea kule.

---

Mpimanyota

Ya Lisle nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Yeye hujibu kwamba Biblia hutumia saa ya mtazamaji aliye duniani, na kwa saa hiyo siku ya nne ni siku ya nne. Kimantiki hakuna mgongano. Lakini anayesema tatizo limehamishwa chumba simlaumu.

La mikia ndilo zito kuliko yote, na ndipo muujiza wa Faulkner nao unapobanwa. Kuleta mwanga haraka ni jambo moja, kuendesha historia nzima ya galaksi haraka ni jingine. Anayefuata njia ya Humphreys ana nafasi zaidi hapa, kwa sababu kwake mamilioni ya miaka yalipita kweli huko mbali, ila milinganyo yake ndiyo hiyo imeonekana haisimami. Kwa hiyo leo hii hakuna jibu moja la kiuumbaji linalobeba yote mawili kwa pamoja. Mimi nabaki na siku sita kwa sababu ya Kutoka 20:11, ambako juma la kazi la mwanadamu limefungwa kwenye juma la Mungu. Darubini haikunifikisha huko, na sitajifanya kwamba ilinifikisha.

---

Fundi Darubini

Wakuu, tusiwaache wasomaji wadhani upande wa uumbaji hauna kitu kabisa. Mwaka 1984 Humphreys alichapisha makadirio ya nguvu za sumaku za Uranusi na Neptuni, akianzia kwenye wazo kwamba sayari ziliumbwa kutokana na maji. Chombo cha Voyager 2 kikapita Uranusi 1986 na Neptuni 1989, na vipimo vikaangukia ndani ya makadirio yake.

Halafu kuna kometi, zile nyota zenye mkia. Kila zikipita karibu na jua zinapoteza barafu. Za muda mfupi zingekuwa zimekwisha zamani. Na mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kwa mwaka. Na vumbi la mwezini lilikuwa jembamba, kana kwamba halikupata muda wa kurundikana. Na jua linasinyaa, basi haliwezi kuwa kongwe.

---

Mpimanyota

Fundi, umeanza vizuri ukamalizia na makapi. Niende mojamoja, kwa haraka.

Humphreys na sumaku: ni kweli, na anastahili sifa zake. Lakini makadirio yalikuwa na upana, cha juu ni mara tatu ya cha chini, na ndani ya fomula mna namba aliyoichagua yeye. Itaje, ila usiiite uthibitisho.

Kometi: hoja ilikuwa na nguvu zamani, wakati ghala la kometi za muda mfupi lilikuwa la kukisiwa tu. Tangu 1992 vitu vya ukanda wa Kuiper ng'ambo ya Neptuni vimeonekana, sasa ni maelfu. Wingu la Oort, lililopendekezwa 1950 kwa kometi za muda mrefu, bado halijaonekana moja kwa moja. Kwa hiyo hoja imebaki nusu.

Mwezi: sentimita 3.8 ni kipimo cha kweli, kinapatikana kwa leza zinazogonga vioo vilivyoachwa mwezini na safari za Apollo 11, 14 na 15. Kwa miaka 6,000 ungekuwa umesogea mita 228 tu, sawa. Ila ukirudisha hesabu nyuma kwa nguvu ya mawimbi ya leo, mwezi unaigusa dunia miaka bilioni 1.5 iliyopita hivi. Hiyo inambana anayesema bilioni 4.5, naye hujibu kwamba mabara na bahari havikukaa kama leo, kwa hiyo kasi ilikuwa ndogo. Haisemi lolote kuhusu 6,000. Muumini anayeishangilia ajue ameshangilia bilioni moja na nusu.

Vumbi la mwezi: Andrew Snelling na David Rush, wanauumbaji wote wawili, waliipitia mwaka 1993 wakasema isitumike. Kiwango cha vumbi kilichokuwa kinatajwa kilikuwa kikubwa mno. Izikeni.

Jua kusinyaa: hoja ilitokana na uchambuzi wa 1979 wa vipimo vya zamani, vipimo vingine havikuuthibitisha. Nayo izikwe. Iwekwe kaburi moja na ile ya nyutrino za jua. Mnaikumbuka? Tangu miaka ya 1960 Raymond Davis alikuwa ananasa kama theluthi tu ya nyutrino zilizotarajiwa, baadhi ya wenzetu wakasema jua haliendeshwi na nyuklia, linawaka kwa kusinyaa, basi ni changa. Mwaka 2001 na 2002 mtambo wa Sudbury, Kanada, ukaonyesha kwamba nyutrino zilikuwa zinafika zote, ila zinageuka aina njiani. Hoja ikafa siku hiyo. Ndivyo ilivyo hatari ya kujenga nyumba kwenye jambo ambalo sayansi *bado* haijalieleza.

Ukitaka hoja ambayo haiozi upesi, itazame Zohali. Takwimu za chombo cha Cassini cha mwaka 2017 zimewafanya watafiti kadhaa waseme pete zake zina miaka kati ya milioni 10 na milioni 100. Wengine bado wanabisha. Si 6,000, lakini ni changa sana kwa mfumo unaosemwa una bilioni 4.5, na inampa hata asiyeamini cha kufikiria.

---

Mwenye Shaka

Hiyo ya pete nakupa. Haikusaidii na 6,000, ila nakupa.

---

Dunia_Si_Mpira

Nyote mmepotea. Hizo nyota ziko kwenye kuba juu yetu kilomita elfu chache, hakuna miaka ya nuru, hakuna galaksi. Mwanzo 1 imesema anga, na Isaya amesema duara. Faulkner na Lisle ni mawakala. Mkiamini Biblia mwamini dunia ni bapa, nusu nusu hakuna.

---

Mpimanyota

Ndugu, Ayubu 26:7 inasema ameutundika ulimwengu pasipo kitu, sasa hiyo kuba yako imesimamia wapi? Kila mwezi unapopatwa, kivuli cha dunia juu yake kina ukingo wa mviringo, mwezi uwe umechomoza sasa hivi au uko utosini. Sahani haiwezi kutoa kivuli cha namna hiyo kila mara, kuna nyakati kingetoka chembamba kama kijiti. Aristotle aliliona hilo zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Kristo, akiwa hana hata darubini. Faulkner unayemwita wakala ameandika kitabu kizima kuwajibu ninyi, na anaamini siku sita kuliko wengi humu.

Kama una jibu la kivuli, fungua uzi wako nitakuja kuchangia. Humu tuendelee na mwanga. Mwenye Shaka, ile mikia ya galaksi umbali wake na kasi ya nyota zake vinapimwaje? Weka maelezo hapa, nataka kuipitia hesabu mwenyewe.